Mwendo wa saa moja kutoka Ruvuma

Mwanamume na mkewe wanashuka kutoka kichaka cha Mahuta kwenda kuoga Ruvuma. Mwanamume huyo hajaoga wala kunyoa nywele tangu alipotokea porini. Mkewe alikuwa mti: yeye ndiye aliyemchonga, akamsimamisha wima makaoni kwake, na usiku sanamu ikapata uhai. Sasa wako mtoni, na mke anajifungua.

Mtoto anazaliwa amekufa.

Wanaondoka. Wanakatiza uwanda wa juu hadi bonde la Mbwemkuru, upande wa kaskazini, na huko mtoto wa pili naye anazaliwa mfu. Wanarudi Mahuta, juu kabisa, mahali pasipo na kijito wala kisima. Wa tatu anaishi, na wengine wengi wanafuata.

Hivyo ndivyo Wamakonde walivyomsimulia Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906. Baba huyo wa kwanza aliwaachia wanawe maagizo mawili. Maiti wazikwe wamesimama, kwa kumkumbuka mama yao aliyepata uhai akiwa wima. Na nyumba zijengwe angalau mwendo wa saa moja kutoka mahali pa kuchotea maji, kwa kuwa mabondeni na kando ya mito mikubwa ndiko maradhi na mauti yanakokaa.

Ni agizo hili la pili ambalo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Ramani ya shule inatuonyesha Ruvuma kuwa ndipo nchi inapoishia. Agizo la Mahuta linasema watu wanaishia mbali kabla ya kuufikia mto, na kwamba kinachofuata baada ya hapo si nchi ya jirani. Ni mahali pa kushuka, kuchota, na kuondoka. Hiyo ni mipaka miwili tofauti, na nimekuwa nikijiuliza ni upi kati ya hiyo unaoujua mto wenyewe vizuri zaidi.

Kuelekea ziwa, kisha kugeuka

Ruvuma unaanzia kwenye milima ya Matogoro, jirani na mji wa Songea. Ni mahali pa ajabu kidogo: kwenye milima hiyohiyo unaanzia pia Luegu, ambao maji yake huishia Rufiji. Mvua ya mlima mmoja inaweza kutokea baharini karibu na Mafia au karibu na Msumbiji, kutegemea imeangukia upande gani wa mgongo.

Ukishatoka Matogoro, mto hauelekei baharini. Unakwenda magharibi, kana kwamba unaelekea Ziwa Nyasa, kisha unakata kusini, na ndipo unapogeukia mashariki kuanza safari ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi. Urefu wote ni kama kilomita 800. Sehemu kubwa ya hizo ndiyo mpaka wa Tanzania na Msumbiji, lakini chanzo chote kiko Tanzania, na karibu theluthi mbili ya eneo linalouletea mto maji liko Msumbiji. Tawi kubwa kuliko yote, Lugenda, linatoka kusini, kwenye mabwawa na maziwa ya Chiuta na Amaramba. Kusini zaidi ya hapo kuna Ziwa Chilwa, ambalo halina pa kutokea kwa sababu ya tuta la mchanga linalolitenga na Chiuta.

Wageni nao walitumaini kwamba mto huu unafika ziwani. David Livingstone aliuingia mto huu kutokea baharini mwaka 1861, akarudi tena 1862, akitafuta njia ya maji ya kufika Nyasa bila kupitia Zambezi, ambako Wareno walikuwa wameshika mlango. Mara ya kwanza maji yalipungua chini ya meli. Mara ya pili alipanda kwa mashua hadi miamba na maporomoko madogo yakamzuia. Ruvuma haukuwa njia ya kwenda ziwani, ingawa ulianza kama unaokwenda huko.

Saa moja ni kilomita ngapi

Mtu mzima asiyebeba kitu hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa. Hapo ndipo agizo la Mahuta linapoanza kunishangaza.

Mbu wanaoeneza malaria kwa kawaida hawaendi mbali na maji walikozaliwa. Wengi hubaki ndani ya kilomita mbili au tatu. Mtu aliyejenga mwendo wa saa moja kutoka bondeni amejiweka nje ya duara hilo bila kujua chochote kuhusu vimelea. Mbung'o, waenezao malale, nao hupenda vichaka vyenye kivuli kandokando ya mito. Usubi huzaliana kwenye maji yaendayo kasi juu ya mawe, na maeneo ya mkoa wa Ruvuma yamejulikana kwa muda mrefu kwa upofu unaoletwa na inzi hao. Kichocho hutaka maji yaliyotulia, yenye konokono. Maradhi haya manne yote yako karibu na maji, na yote yanapungua kadiri unavyopanda na kutoka bondeni.

Ningeweza kuishia hapo na kusema wazee walijua. Lakini hesabu ina upande wa pili.

Uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu juu ya tabaka nene linalonyonya maji. Mvua ikinyesha inazama. Juu hakuna mto, na maji yale yale hutokeza chini, kwenye miguu ya mteremko, kama chemchemi. Kwa hiyo kila tone la kupikia lilipaswa kupandishwa. Chukua kaya ya watu sita inayotumia lita 40 kwa siku, kiasi ambacho ni kidogo mno. Hizo ni ndoo mbili za lita 20, yaani kilo 20 kichwani kila safari. Saa moja kushuka na saa moja kupanda, mara mbili, ni saa nne, na hapo sijahesabu kwamba kupanda na mzigo ukingoni kunachukua muda mrefu kuliko kushuka na mtungi mtupu.

Saa hizo nne hazikuwa za baba aliyetoa agizo. Zilikuwa za binti zake. Kisa hakisemi hivyo, lakini mtu yeyote aliyewahi kuona foleni ya ndoo anajua.

Ukisimama Newala pale panapoitwa Shimo la Mungu, uwanda unakatika ghafla na bonde lote la Ruvuma liko chini yako. Newala iko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya bonde kuna uwanda mwingine, wa Mueda, nao una Wamakonde. Watu wa lugha zinazofanana wamekaa juu ya kingo mbili zinazotazamana, na katikati yao kuna bonde ambalo kisa cha asili kinawakataza kulikalia.

Wamatambwe walikuwa bondeni

Hapa ndipo shaka ilipoingia.

Bonde halikuwa tupu. Wamatambwe, ambao ni jamaa wa karibu wa Wamakonde, wamekuwa wakiishi kandokando ya Ruvuma kwa vizazi. Walivua, walilima udongo unaoachwa na mafuriko, walivusha watu kwa mitumbwi. Kama mto ni mauti, wao walikuwa wanafanya nini pale?

Jibu rahisi ni kwamba waliozoea bonde walikuwa na kinga fulani ya malaria, kama ilivyo kwa watu wazima wa mahali popote penye ugonjwa huo mwaka mzima, na kwamba anayekufa zaidi ni mtoto mchanga na mgeni anayeshuka kutoka juu. Hilo linaendana na kisa kwa namna inayotisha kidogo: wanaokufa mtoni ni watoto tu, wazazi hawaguswi.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Karne ya 19 bonde hili lilikuwa njia. Misafara ya watumwa kutoka nchi ya Wayao na Ziwa Nyasa ilipita kwenda Mikindani, Lindi na Kilwa. Wangoni, ambao kusini walijulikana kwa jina la Magwangwara, walishambulia hadi karibu na pwani. Mwaka 1866, katika safari yake ya mwisho, Livingstone alipanda bonde hilo akitokea Mikindani. Alikuta vijiji vilivyohamwa na maiti za watumwa waliotelekezwa njiani. Kabla ya hapo alilazimika kuwakodi Wamakonde wamkatie kichaka ili ngamia wake wapite, jinsi kilivyosongamana.

Kichaka hicho ndicho kilichokuwa ukuta. Kijiji kilichojificha ndani yake, saa moja kutoka maji, hakikuonekana na mtu anayefuata mto. Kwa hiyo maradhi na mauti yanayotajwa kwenye kisa yanaweza kuwa homa, na yanaweza kuwa watu wenye bunduki na kamba.

Nilipofika hapa nilitaka kuchagua. Sasa naona kuchagua hakuna faida. Agizo moja lilijibu hatari zote mbili, na agizo linalojibu hatari mbili hudumu kuliko linalojibu moja. Ninachoshikilia ni kidogo: kisa cha Mahuta ni kisa cha watu wa juu. Wamatambwe wangekuwa na kisa kingine, na kisa chao hakikufika kwa Weule kwa uzito uleule.

Sentensi moja ya Lisbon

Tarehe 30 Desemba 1886, Ujerumani na Ureno zilikubaliana Lisbon kwamba mpaka wa milki zao utafuata Ruvuma kuanzia mdomoni hadi unapoingia mto Msinje, na kutoka hapo utafuata mstari wa latitudo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Basi. Hakukuwa na neno kuhusu ukingo upi, mkondo upi, wala visiwa ni vya nani.

Ukosefu huo ulianza kuleta shida mdomoni. Mwaka 1894 Wajerumani walikalia Kionga, pembetatu ya ardhi iliyo kusini mwa mdomo, wakidai kwamba mpaka pale pwani si mto. Wareno waliichukua Aprili 1916, na Mkataba wa Versailles ukawathibitishia. Ndiyo sababu kijiji hicho leo kiko Msumbiji. Waingereza walipochukua Tanganyika, nao walilazimika kuandikiana rasmi na Ureno juu ya mpaka huu, mwaka 1936 na tena 1937. Desemba 1988 serikali mbili huru zilitia saini makubaliano mengine Maputo, na humo ghuba ya mdomo wa Ruvuma ilifungwa kwa mstari kutoka Ras Mwambo upande wa Tanzania hadi Cabo Suafo upande wa Msumbiji, ili mpaka wa baharini upate pa kuanzia.

Miaka mia moja ya kurudi kwenye sentensi moja. Si uzembe wa waandishi tu. Walichora juu ya kitu kinachohama.

Mkondo uko wapi mwaka huu

Ruvuma ya chini, kuanzia pale Lugenda unapoingia hadi baharini, ni mto wa mchanga. Kitanda chake ni kipana, mahali pengine kinapita kilomita moja, na wakati wa kiangazi maji yanachukua sehemu ndogo tu, yakigawanyika katika vijito vinavyoachana na kukutana tena.

Kazi ya kuhama inafanyika hivi. Mvua za Desemba hadi Aprili zinajaza kitanda ukingo hadi ukingo, na maji yenye nguvu yanaubeba mchanga. Mafuriko yakianza kushuka, kasi inapungua, na mchanga mzito unaangushwa kwanza. Mara nyingi unaangukia katikati, na hapo fungu linazaliwa. Maji yanalipita pande zote mbili. Msimu unaofuata upande mmoja unachimbika zaidi, mwingine unajaa. Fungu likinusurika linaota majani, kisha matete, kisha miti. Kisiwa chenye miti mikubwa ni cha zamani. Chenye majani tu huenda kisiwepo mwakani.

Kingo zenyewe hubomoka kwenye kona ya nje, mahali mkondo unapogonga. Wengi hudhani zinaanguka mafuriko yanapofika kilele. Mara nyingi ni baada ya hapo: udongo wa ukingo umeshiba maji na umekuwa mzito, maji ya mto yaliyokuwa yanauegemea yanashuka ghafla, na ukingo unajiangukia wenyewe. Anayelima hatua chache kutoka ukingoni anapaswa kuuogopa Mei kuliko Februari.

Sheria ya mipaka ya mito ina kanuni ya kawaida kwa jambo hili. Mto ukihama polepole, mpaka unaufuata. Ukihama kwa ghafla, kwa mfano ukikata kona na kuacha kitanda cha zamani, mpaka unabaki kwenye kitanda kilichoachwa, hata kikiwa kikavu. Na mahali ambapo mikondo ni mingi, kinachotafutwa ni ule wenye kina kirefu zaidi.

Inasikika vizuri mpaka ujaribu kuitumia. Nani alikuwepo kuona kama ilikuwa polepole au ghafla? Picha mbili za setilaiti za miaka tofauti zinaonyesha mto mahali pawili. Hazionyeshi ulivyotoka hapa kwenda pale. Anayetaka kujua anahitaji picha za kila kiangazi, za Septemba au Oktoba, maji yakiwa chini kabisa, kwa sababu picha ya Februari ni tope tupu na kila kijito kina rangi moja. Kisha atafute ishara: mkondo ulioachwa ghafla huacha bwawa lenye umbo la mwezi mchanga, na kitanda chake hakijajaa. Mkondo uliohama polepole huacha mistari ya matuta ya mchanga iliyopangana, kila mmoja ni msimu.

Mkulima wa kisiwani hana muda wa hayo yote. Yeye anajua tu kwamba udongo ulioachwa na mafuriko unaotesha mahindi na mboga bila mbolea, na kwamba mwaka jana alifika shambani kwa miguu na mwaka huu anahitaji mtumbwi.

Kuvuka

Kama mto huu ungekuwa ukuta, historia yake ingekuwa fupi. Tarehe 25 Novemba 1917, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake, wakikimbia majeshi ya Waingereza, waliuvuka kwa miguu jirani na Negomano na kuiteka ngome ya Wareno. Tazama mwezi: Novemba, mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijashika. Miezi mitatu baadaye pale pale pangehitaji mashua.

Baada ya tarehe 25 Septemba 1964, vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza, mto ulivukwa pande zote mbili kwa miaka kumi. Wapiganaji wa FRELIMO na shehena zao walikwenda kusini, wakimbizi wakaja kaskazini. Mwaka huohuo wa 1964, Julai, wakuu wa nchi za Afrika walikuwa wameamua Cairo kwamba mipaka iliyorithiwa itaheshimiwa. Sioni unafiki hapo, ingawa naelewa anayeuona.

Anayevuka kwa miguu wakati wa kiangazi hufuata mambo machache. Maji yenye viwimbi vidogo vya haraka yana mchanga karibu chini. Maji laini na meusi kwenye kona ya nje yana kina, na mamba. Huenda mshazari kuelekea mto unakoshukia, si moja kwa moja wala kupingana na mkondo. Fimbo hutangulia mguu, kwa sababu mchanga uliowekwa hivi karibuni haujajipanga na unatitia. Alfajiri na jioni huachwa kwa viboko, wanaotoka kula na kurudi majini kwa njia zao zilezile.

Daraja la Umoja, kati ya Mtambaswala na Negomano, lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010. Lina urefu wa mita 720. Huku mdomoni, kwenye kivuko cha Kilambo, bado bahari ndiyo inayopanga ratiba: maji yakipwa, chombo hakina kina cha kutosha juu ya mafungu.

Maji yanayopanda

Tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukisukuma maji kutoka chini hadi juu ya uwanda. Visima vyake vikuu viko Mitema, kwenye bonde la Kitangari, si Ruvuma. Pampu ikifanya kazi, saa nne za ndoo mbili zinafutika. Ikisimama, zinarudi zote.

Kuleta maji ya Ruvuma yenyewe hadi mji wa Mtwara ni wazo ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi, na ugumu wake ni uleule uliowashinda waandishi wa Lisbon. Mdomo wa bomba ukiujenga kwenye ukingo, mkondo unaweza kuhamia ng'ambo ndani ya msimu mmoja na kukuachia mchanga mkavu. Ukiufuata mkondo, kila mafuriko yanakuletea mchanga ndani ya pampu na kula mapanga yake. Njia mbili zinabaki. Moja ni kutafuta mahali ambapo ukingo ni mwamba na mto hauna pa kwenda. Nyingine ni kuuacha mkondo kabisa na kuchimba visima ndani ya mchanga wa bonde, nyuma kidogo ya ukingo, ambako maji yapo mwaka mzima na yamekwishachujwa. Hii ya pili ndiyo ningeichagua, kwa sharti kwamba visima viwekwe upande wa kona ya ndani, ambako mto unaongeza ardhi, na kwamba nyaya za umeme zipitishwe juu ya alama ya mafuriko makubwa kuliko yote ambayo wavuvi wa pale wanaweza kuionyesha kwenye miti.